Ajenti wa AI Anapogusa Faili Zako: Nimepima Claude Code na Aider

Mambo vipi wadau, karibuni. Leo hakuna simu wala spika mezani. Nina swali moja tu: ajenti wa AI, yaani programu inayosoma na kubadilisha faili zako yenyewe, akikwambia "nimeshabadilisha", wewe umeona nini?

Kwanza kisa. Nina programu ndogo ya kutoa risiti za duka. Nilimtuma ajenti mmoja, jina nalihifadhi, abadilishe "TSh" iwe "TZS" kila mahali. Akaniletea muhtasari safi: faili 14 zimebadilishwa, kila kitu kiko sawa. Nikaridhika, nikalala. Kesho yake mwenye duka ananipigia: "Kaka, risiti inasema elfu nne mia saba thelathini na tatu na senti hamsini. Hiyo chenji nitaitoa wapi?" Nikafungua kodi (hii ya kompyuta, si ile ya TRA). Sogeeni karibu na skrini, mstari unaoanza na - ni wa zamani, wa + ni mpya:

- jumla = round(jumla, -2)
+ jumla = round(jumla, 2)

Mnaona? Ile -2 inakadiria hesabu kwenye mia iliyo karibu, kwa hiyo mteja analipa 4,700. Ajenti akadhani nimekosea, akaondoa kialama cha kutoa. Hakuna aliyemtuma, na kwenye muhtasari hakuligusia. Tangu siku ile muhtasari wa ajenti ni kama maneno ya fundi cherehani: namsikiliza, halafu namwambia lete nguo niione.

Haya, Claude Code. Ukiiacha ilivyo, kila ikitaka kubadilisha faili inasimama, inakuonyesha mistari inayotoka na inayoingia, inasubiri ruhusa. Hapo naipa maksi zote. Tatizo ni sisi. Chaguo la pili pale linasema ikubaliwe kwa kikao chote, na ukishachoka kubonyeza mara ya kumi na mbili, kidole kinakwenda chenyewe. Nimejiona mwenyewe kwenye rekodi ya video hii nikibonyeza bila kusoma, aibu tupu. Dawa yangu ni kubonyeza Shift na Tab mpaka nifike hali ya mpango: hapo inasoma faili na kueleza itafanya nini, haiandiki. Mpango ukiwa mrefu kuliko kazi niliyoiomba, najua kuna kitu kimeingizwa. Ipo pia amri ya /rewind ya kurudi nyuma, nzuri, ila inarudisha yale iliyoyahariri yenyewe kwa zana zake. Kama imeendesha amri ya rm (ya kufuta faili) kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, faili hiyo usiitafute huko. Na kile kiswichi cha kuruka ruhusa zote kimeanza na neno "dangerously". Waliokitengeneza wenyewe wamekiita hatari, mimi niongeze nini?

Aider ni ya tabia nyingine. Hii ni ya bure na kodi yake iko wazi, unalipia modeli ya AI tu. Yenyewe inaandika kwanza, halafu kila badiliko inaliwekea komiti yake, yaani rekodi yake, ndani ya Git, ile programu inayotunza historia ya faili. Hujapenda? /undo, komiti ya mwisho imeondoka. Ukiwa na kazi yako ambayo hukuihifadhi kwenye faili inayotaka kuigusa, inaiwekea komiti ya peke yake kwanza, ili yako na yake zisichanganyike. Hilo limenifurahisha sana. Ukitaka isiandike kabisa, iwashe na --dry-run, au tumia /ask mzungumze tu. Lakini asiyeijua Git atapotea humu, nasema ukweli.

Sasa njia yangu, na inafaa kwa zote mbili. Simpi ajenti folda yenyewe. Naandika:

git worktree add ../jaribio

Nimepata folda ya pili yenye tawi lake (mkondo wake wa mabadiliko, mbali na wa asili), ajenti acheze humo. Akimaliza, siendi moja kwa moja kwenye git diff, amri inayoonyesha kilichobadilika, kwa sababu git diff haionyeshi faili mpya ambazo Git haijazijua. Ajenti anaweza kuwa ameongeza faili tatu na wewe huoni hata moja. Naanza na git add -N . (msisahau hiyo nukta), kisha git diff --color-words. Hiyo inapaka rangi neno lililobadilika badala ya mstari mzima. Ile -2 yangu ingewaka kama taa ya bodaboda.

Bado kuna mlango mmoja. Faili zilizo kwenye .gitignore (orodha ya faili za kupuuzwa), kama .env yenye nywila zako, Git haizifuatilii. Zikiandikwa upya, diff iko kimya. Uzuri ni kwamba worktree mpya hainakili .env, kwa hiyo ile ya kweli inabaki kule ulikoiacha. Ila folda si ukuta: ajenti mwenye ruhusa ya terminali anaweza kutoka nje, kwa hiyo amri zake zisome, usisome faili tu.

Nani nimchukue? Kama ndiyo unaanza, Claude Code, ikiwa bado inakuomba ruhusa kila hatua. Kama Git unaiongea usingizini, Aider itakufaa zaidi na utajua kila senti inakwenda wapi.

Ngoja nifute folda ya jaribio tumalize. git worktree remove ../jaribio... imekataa. Inasema kuna faili zimebadilishwa humo. Haya, subirini, ngoja nizisome kwanza.