Sekondari ya Kata au ya Bweni kwa Mtoto wa Ukerewe

Mtoto wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, aliyefaulu darasa la saba hupangiwa ama sekondari ya kata, yaani ya kutwa, ambazo nyingi zilijengwa baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) kuanza mwaka 2004, ama shule ya bweni ya serikali, ambayo nafasi zake hugawiwa kwa kuzingatia alama, hivyo mzazi hana uhuru kamili wa kuchagua.

Ada si tena kigezo, kwani ile ya shilingi 20,000 ya kutwa na 70,000 ya bweni zilifutwa kuanzia Januari 2016. Bweni hudai godoro, tranka, ndoo na nauli ya meli kutoka bandari ya Nansio.

Kutwa hugharimu muda zaidi kuliko fedha. Mwanafunzi hutembea asubuhi na jioni, na usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapowasha taa ziwani, nguvu kazi huhitajika alfajiri mwaloni, ufukweni mitumbwi inapotia nanga, kuanika dagaa mchangani kabla ya kengele ya shule. Anayefika darasani na magamba mikononi husinzia somo la kwanza. Kwa sababu hiyo, ningechagua bweni, ingawa kwa mtoto mwenye afya dhaifu ningesita.