Spageti ya bendera ya Italia: uji mtupu

Nimekasirika na pakiti hii. Nusu kilo, imechorwa bendera ya Italia mbele, nimeinunua juzijuzi katika duka moja hapa Arusha mjini. Nyuma, kwa maandishi ya sisimizi, wameandika kilichomo: unga wa ngano. Ubovu wote uko hapo.

Spageti ya kweli hutengenezwa kwa ngano ngumu, durumu. Unga wake, semolina, ni wa chengachenga na wa manjano, na protini yake huushika wanga usitoke wakati wa kuchemka. Italia kwenyewe kuna sheria tangu 1967 inayotaka tambi kavu zinazotengenezwa nchini humo ziwe za ngano hiyo. Unga laini wa maandazi hauwezi kazi hiyo: wanga unavujia majini, nyuzi zinavimba, zinakatika, zinagandana.

Msiniambie sikujua kupika. Maji lita 5, chumvi gramu 10 kwa kila lita, yametokota kabisa ndipo spageti ikaingia, nikakoroga dakika mbili za mwanzo ili nyuzi zisishikane. Arusha tuko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, kwa hiyo spageti nzuri iliyoandikwa dakika 9 huku huchukua 10 au 11. Hii, dakika ya 6 tu, nje uji, katikati bado unga mbichi!

Na mchuzi ulikuwa safi, ndiyo maana naumia. Nyanya sita za soko la Kilombero zilizoiva hadi kulainika, punje nne za kitunguu saumu zilizokatwa nyembamba, moto mdogo, mafuta, zinukie tu. Zikifika kahawia zinaleta uchungu. Dakika 15 umeiva, muda uleule wa kuchemsha maji. Spageti hutolewa dakika moja kabla haijaiva, ikamalizikie ndani ya mchuzi pamoja na nusu kikombe cha maji yake, maana wanga wa maji hayo ndio unaofanya mchuzi ushike. Hii nilipoigeuza kwenye kikaango ikawa ugali mwekundu.

Nimeirudisha dukani, muuzaji hata hakuitazama: "Dada, tambi ni tambi." Hapana kaka, si kweli. Za kupika kwa sukari, hiliki na tui, sawa, unga laini unafaa. Tena niwe mkweli: zilizobaki nilizivunjavunja, nikazikaanga kavu hadi kahawia, nikazipika hivyo, zikatoka tamu. Basi nyota mbili.

Lakini hakuna aliyechora bendera ya Italia ili tupike tambi za sukari. Nyota moja.

Mkifika dukani geuzeni pakiti kwanza, mtafute semolina ya durumu. Nyuzi ziwe za rangi ya kaharabu, uso wake uwe na mkwaruzo kidogo. Zikiwa nyeupenyeupe na kuandikwa unga wa ngano tu, ziacheni hapohapo rafuni.