Uzoefu wangu na wembe wa kukunja: eti tatizo ni ndevu zangu

Msinunue. Nasema mapema ili asiye na muda wa kusoma gazeti hili lote aondoke na hilo moja. Kama unataka kuanza kunyoa ndevu kwa wembe wa kukunja, ule wa kizamani wa chuma kizima, usiuchukue kwa mtu anayekuambia "uko tayari kaka, ni kufungua na kunyoa." Hakuna kitu cha namna hiyo Kariakoo, na kama kipo basi mimi wamenificha.

Sizungumzii kile kishikio cha saluni ambacho kinyozi anavunja wembe katikati na kuchomeka nusu. Kile tunakijua, na tangu enzi za matangazo ya Ukimwi kila mteja anataka aone wembe unatolewa kwenye karatasi yake mbele ya macho yake, ni haki yake kabisa. Huu ninaousema makali yake hayatupwi. Unanolewa kwenye jiwe, unapigwa kwenye mkanda wa ngozi kabla ya kunyoa, na ukitunzwa unaweza ukakuzika. Wajerumani wa Solingen na Waingereza wa Sheffield ndio waliojijengea jina kwa kazi hii, na siku hizi Wachina nao wanazifyatua kwa bei ambayo mtu wa mshahara anaweza kuifikiria. Nilichukua wa Mchina. Pesa ya Solingen sina.

Nikafanya kila kitu kama inavyotakiwa. Nimeoga maji ya moto kwanza, taulo la moto usoni, sabuni nimeipiga kwa brashi mpaka povu limekuwa zito. Nikavuta ngozi ya shavu kwa mkono wa pili, wembe nimeulaza, mgongo wake umeinuka kidogo tu kutoka kwenye shavu, nikaanza karibu na sikio kushuka chini kufuata zinakoelekea ndevu. Haukukata, ulivuta. Ndevu moja moja, kama mtu anakung'oa kwa kibano huku anakuchekea. Nilipofika kwenye kona ya taya machozi yananitoka, na wembe ulioshindwa kukata ndevu ukaona bora ukate ngozi. Nilipaka shabu nikakaa kimya bafuni, mke wangu anagonga mlango anauliza kuna nini.

Usiku nikauchukua nikauweka chini ya taa, makali yameelekea juu. Hili mtu yeyote anaweza kulifanya, na fanyeni palepale dukani kabla ya kutoa hela. Makali ya kweli hayaonekani, ni kama hayapo. Ukiona mstari mwembamba unaong'aa juu ya makali, ule mng'ao ni ubutu unakutazama. Wangu uling'aa kuanzia shina hadi ncha, na karibu na ncha palikuwa na kijino kimemeguka.

Sasa njooni dukani.

Nimefika, nimesalimia vizuri tu, nimemweleza kijana. Akauchukua, akajipitishia kwenye mkono wake, akanyoa malaika kidogo, akaniambia "Si huo unanyoa?" Kisha akaufuta kwenye jinzi yake! Wembe wangu, wa uso wangu, kwenye jinzi iliyoshinda Kariakoo tangu asubuhi. Nikamwambia kaka, malaika ya mkono hata kisu cha jikoni kilichonolewa vizuri kinayanyoa, huo si ushahidi. Akaniangalia kidevuni. Akasema, kwa sauti ya watu wote mle ndani kusikia: "Tatizo mkubwa ni ndevu zako. Hizi kipilipili. Huu wembe ni wa watu wenye nywele laini."

Jamani. Kijana mwenyewe kichwa chake ni kipilipili kitupu! Wateja wote mle ndani kipilipili! Sasa Kariakoo nzima umemletea nani mzigo huo, Wachina wa ubalozini? Na kwa nini siku ya kununua hakuniangalia kidevu? Siku ile nilikuwa "bosi", ndevu zangu hazikuwa na kasoro yoyote.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba alichukua jambo la kweli akalifanya kichaka cha kujifichia. Ni kweli ndevu za kujikunja zina shida yake. Ukizikata chini mno zinajipinda zikiwa chini ya ngozi, zinachomeka upya, ndiyo vile vipele vya shingoni vinavyotutesa wengi wetu. Lakini hiyo ni hoja ya namna ya kunyoa: pitisha mara moja, fuata ndevu zinakoelekea, usirudie kinyume ukitafuta shavu la mtoto mchanga. Na hapo wembe wa makali mamoja una nafuu kuliko zile za plastiki zenye nyembe tatu nne zilizopangana, maana zile ndizo zinazoivuta ndevu juu na kuikatia ndani. Kwa hiyo mwenye kipilipili ndiye haswa wa wembe huu, mradi uwe na makali. Wa kwake haukuwa nayo, basi, habari imeishia hapo.

Nilitaka kuutupa. Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja huko Magomeni, kinyozi wa zamani, sasa ananoa mikasi ya mafundi cherehani. Nikamwamkia, akaufungua, akauangalia kwenye mwanga wa mlangoni, hakuuliza hata nimeununua wapi. "Huu haujanolewa bado, mwanangu. Umepitishwa mashine tu huko kiwandani."

Basi nikakaa kwenye benchi nikatazama. Jiwe la kwanza lilikuwa la namba 1000 (namba ikipanda, jiwe linakuwa laini zaidi), la kutengeneza makali yenyewe, na hapo ndipo alipotumia muda mrefu, akaondoa na kile kijino. Wembe anaulaza kabisa, mgongo na makali vyote vinagusa jiwe, wala hakandamizi, uzito wa mkono tu. Akija kwenye 4000 sauti inabadilika. Kwenye 8000 hakuna sauti ya kuitaja, ni maji tu yanasogea mbele ya makali. Nilimwonyesha lile jiwe la rangi mbili la kunolea visu ambalo kijana wa dukani aliniuzia juu ya wembe. Akaliparuza kwa kidole gumba, akanirudishia. "Hili la panga." Hakuongeza neno, na mimi nilikuwa na maneno mengi.

Halafu mkanda. Hapa wanaoanza sikilizeni, maana mkanda unaweza kuua kazi yote ya jiwe kwa mpigo mmoja. Kwenye mkanda mgongo ndio unatangulia, makali yanafuata nyuma. Ukifika mwisho unaugeuza kwa kuuviringisha kwenye mgongo wake, kamwe usiugeuze kwa upande wa makali, utachana ngozi na utaanza upya. Na mkanda ukae umekazwa, usibonyee katikati.

Kesho yake nikanyoa.

Sijui niseme nini. Yaani sauti! Kunyoa kuzuri kuna sauti yake, kitu kama karatasi laini inachanwa taratibu mbali, na povu linabaki juu ya wembe limejaa vidoti vyeusi. Sikuhisi kuvutwa hata kidogo. Nilifanya mashavu tu, kidevu na shingo nikamalizia kwa wembe wa kawaida, na hivyo ndivyo ningemshauri yeyote: anza na mashavu, kidevu kina kona nyingi. Jioni nikipitisha mkono bado shavu limetulia. Shingoni nilipokuja kuanza, vipele nilivyovizoea miaka yote vimepungua. Nimejikuta naamka mapema ili ninyoe, mimi, ambaye zamani nilikuwa nanyoa kwenye foleni ya daladala nusu nusu.

Kwa hiyo nafuta nilichosema juu. Nunueni. Nyota nne kwa wembe. Hata wa bei rahisi unafaa, mkishajua kwamba bei halisi ni ya wembe pamoja na ya mtu wa kuunoa. Ukimaliza ukaushe kabisa, hewa ya bahari ya hapa Dar haina huruma na chuma cha aina hii, kutu inaingia usiku mmoja. Tone la mafuta ya cherehani linatosha. Na usimwazime mtu, hata ndugu yako wa tumbo moja.

Nilikuwa nimefika hapo, hasira zimepoa, nikaanza kumwonea kijana huruma. Halafu juzi mkanda niliopewa naye kama "zawadi ya mteja" umeanza kubanduka. Nimeutazama vizuri: juu ngozi ya bandia, chini kitambaa, katikati gundi. Gundi imeachia, imeingia kwenye makali, wembe umeanza kuvuta tena, na narudi Magomeni kwa nauli yangu. Nyota mbili. Kwa duka, hamna.

Na leo asubuhi kijana kanitumia ujumbe, hana hata salamu. Kasikia kuna mzee ananoa vizuri, anaomba namba yake awe anampelekea wateja wake. Sijampa. Mzee nitamuuliza kwanza, na akikubali, namba ataipata siku atakaponirudishia hela ya lile jiwe la kunolea panga.