Darasa la taekwondo la watoto, Tudor, Mombasa: mazoezi safi, mizani inatia shaka

Kwa mtoto wa miaka 12 hadi 14 darasa hili linafaa, ila kwa masharti. Mikeka haitelezi, kamba za kofia na vikinga kifua hukaguliwa kabla ya pambano, na aliyepigwa kichwa akashikwa na kizunguzungu harudishwi ulingoni siku hiyo. Hapo hongera zao.

Kasheshe ni wiki ya mashindano. Watoto hukimbizwa wamevaa jaketi za nailoni ili wapunguze kilo moja au mbili, waingie kundi la uzito wa chini. Kwa unyevu wa Mombasa, jasho halikauki, linachuruzika tu. Mwili haupoi, na kinachopungua ni maji, si mafuta. Mtoto anafika kwenye mizani midomo imekauka, mkojo rangi ya chai ya rangi, hasira puani. Heri acheze kundi la uzito wa juu yake.

Mapigo ya moyo hawapimi, kwa hiyo mpime mwenyewe: asubuhi kabla hajainuka kitandani, hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Yakizidi kawaida yake kwa 10 hivi siku mbili mfululizo, na usingizi wa usiku haufiki muda wa saa 8, mpumzishe. Tumbo linalouma kila siku ya mazoezi huenda ni woga, muulize faraghani. Na wale wazazi wanaofoka pembeni, kocha awatoe nje ya geti.