TAHADHARI: Huyu anayeuza "rekodi za babu zenu" ni tapeli

Nimekaa kimya wiki mbili kwa aibu. Leo nimemwona kaingia kundi jingine anauliza, "Nani anatafuta babu zake wa vita?" Nikasema potelea mbali, wacha nichekwe.

Mliokuja Voi Desemba mliiona ile fremu yenye karatasi ya babu wa vita ukutani kwa baba. Ile karatasi ni feki.

Ilikuwa saa tano usiku, watoto wamelala. Ujumbe wa sauti ukaingia: "Dada, keti kwanza. Mzee tumempata." Ikafuata picha. Karatasi ya rangi ya chai ya rangi, kona imeliwa na mchwa, juu imeandikwa Carrier Corps (kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Vita vya Kwanza vya Dunia), 1917, jina la baba yake babu kwa wino, na chini alama ya dole gumba lenye kovu limekata katikati. Hilo dole ndilo lililonimaliza. Nililia, nikaweka dole langu juu ya kioo cha simu, juu ya lile lake, kama mwendawazimu. Kisha nikatuma M-Pesa 6,500, na 2,000 nyingine za "muhuri". Muhuri wa nini, sikuuliza. Kufika alfajiri alikuwa ameshaiambatanisha kwenye mti wetu wa ukoo mtandaoni. Nenosiri nilimpa mwenyewe.

Msiniite mjinga. Wapagazi wale walikufa kwa maelfu na wengi hawana hata kaburi lenye jina. Umetafuta miaka minne hupati kitu, mtu anakuletea dole, utabisha? Na alijua mambo! Alijua mzee alichukuliwa wakati wa ile reli ya jeshi ya Voi kwenda Taveta. Alijua hakurudi. Kumbe yote hayo niliyaandika mimi kundini, mwezi wa nane.

Halafu bwana mmoja wa Machakos akaniandikia kupitia mti: "Samahani, mbona babu yako ana dole la babu yangu?" Akatuma yake. Mchwa uleule, kovu lilelile. Kilichobadilika ni jina na kijiji.

Huyu mtu afungwe. Akitoka afungwe tena. Anauza marehemu wa watu kama mitumba! Namba ya OB ya polisi ninayo, na yeyote aliyemlipa aje inbox twende pamoja.

Na dalili zilikuwepo. Karatasi ya 1917 imeandikwa Kenya Colony, na jina hilo lilikuja 1920; kabla ya hapo ilikuwa East Africa Protectorate. Mshahara umeandikwa kwa shilingi, wakati enzi hizo ni rupia. Aliyegundua ni mpwa wangu wa kidato cha pili. Mimi mwalimu! Pia nilipomwomba namba ya faili, maana nyaraka ya kweli lazima iwe imetoka kwenye faili fulani, alinijibu ni siri ya ofisi. Nikanyamaza.

Nimeing'oa kwenye mti wetu, ila watu kumi na mmoja walishainakili kwenye miti yao. Kama ni wewe, itoe leo.

Fremu bado iko ukutani kwa baba. Kila mgeni akija anaitwa kuonyeshwa lile dole, na mimi sijapata mdomo wa kumwambia.