Vidonda vya tumbo: upimwe choo au uingizwe kamera?

Swali hili halikauki kwenye kliniki za Nairobi. Kipimo cha choo hutafuta kitu kimoja tu: bakteria H. pylori, wanaosababisha vidonda vingi vya tumbo. Ni nafuu na hakiumi. Sampuli ndogo kama punje ya njegere yatosha. Tatizo ni dawa. Ukiwa umemeza omeprazole (dawa ya kupunguza asidi tumboni) ndani ya wiki 2, au antibiotiki ndani ya wiki 4, bakteria hupungua na majibu huweza kutoka hasi ilhali bado wamo. Watu wengi hutibiwa vibaya kwa sababu hii, na inasikitisha kwani ingetosha kuwauliza wamemeza dawa gani. (Kipimo cha damu hakisaidii kujua kama umepona, kingamwili hubaki muda mrefu.)

Kamera, inayopitishwa mdomoni hadi tumboni, ni ghali, hutaka ufunge kula kwa muda wa saa 6 hadi 8, na ukidungwa dawa ya usingizi uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani. Lakini huona kidonda chenyewe na kukata kinyama cha kupimwa saratani.

Kijana mwenye kiungulia na gesi aanze na choo. Anayekonda, anayekwamwa na chakula, anayetapika damu au kwenda choo cheusi kama lami, asisubiri: kamera.