Tahadhari: priampu bandia za "1073" zinazotumwa mikoani kwa basi

Ndugu watayarishaji wa muziki, mafundi wa sauti na wote wenye studio ndogo, naandika kuwatahadharisha juu ya muuzaji anayetangaza mtandaoni priampu ya maikrofoni (kifaa kinachokuza sauti dhaifu ya maiki kabla haijarekodiwa) anayoiita Neve 1073 halisi ya mwaka 1973, iliyotoka Uingereza na "kutumika kidogo", kwa shilingi 2,850,000. Niliinunua mwezi uliopita nikiwa Mwanza, naye akidai kuwa yuko Kariakoo. Simtaji jina kwa kuwa shauri liko polisi, na pia kwa kuwa hubadilisha jina la ukurasa wake mara kwa mara. Alama za mzigo wenyewe zitawafaa zaidi kuliko jina ambalo kesho halitakuwapo.

Nilipaswa kushtuka mapema. Bei yake ilikuwa chini ya nusu ya ile niliyokuwa nimetajiwa na duka la nje kabla hata ya usafiri na ushuru, na nilipoomba kulipa kwa lipa namba ya biashara alisema ina hitilafu, akanipa namba ya simu ya mtu binafsi. Jina lililojitokeza kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo halikuwa lake. Alieleza kuwa ni la mhasibu wake, nami, kwa tamaa ya mali adimu kwa bei ya chee, nikakubali. Video aliyonitumia ilikuwa na sauti nzuri mno, lakini nilipoirudia baadaye niligundua kuwa kebo iliyotoka nyuma ya priampu haikuonekana hata mara moja ikiingia kwenye saundi kadi, yaani kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta.

Mzigo ulifika kwa basi ukiwa mzito, karibu kilo 6, na uzito huo ulinituliza. Nilianza kukiunganisha kifaa kama ipasavyo: spika nimezizima, umeme wa fantomu (ule ambao priampu huupeleka kwenye maiki kupitia kebo) haujawashwa, maikrofoni imechomekwa kwa kebo ya XLR, yenye pini tatu, kwenye tundu la kuingizia, na tundu la kutolea limeunganishwa kwenye laini ya saundi kadi, si kwenye tundu la maikrofoni, kwa sababu kupitisha sauti kwenye priampu mbili mfululizo ni kujitafutia kelele. Maiki yangu ni Shure SM7B, ambayo kwa asili hutoa sauti ndogo na huhitaji takriban desibeli 60 za kukuza. Kwenye 1073 halisi kitufe chekundu cha kukuzia sauti ni swichi inayogonga hatua kwa hatua, desibeli 5 kila hatua, hadi kufikia 80. Hiki changu kilizunguka laini kama kitufe cha redio, na kuanzia alama ya 50 kwenda juu sauti haikuongezeka tena. Kilichoongezeka ni mvumo tu.

Nilibadili maiki nikaweka ya kondensa, ambayo huhitaji umeme wa fantomu, nikauwasha, nikasubiri kidogo. Sauti ilikuja ikiwa dhaifu na yenye kukwaruza kila mwimbaji alipopandisha. Nilichukua multimita, chombo cha kupimia umeme, nikapima kati ya pini ya 1 na pini ya 2 ya tundu la maikrofoni. Fantomu ya kawaida ni volti 48, na kiwango kinaruhusu kati ya 44 na 52. Nilisoma volti 15.

Hapo ndipo nilipofungua skrubu nne za kifuniko. Ndani kulikuwa na bodi moja isiyozidi kiganja cha mkono, yenye chipu mbili za kukuza sauti aina ya 5532 ambazo kwa kweli si chipu mbaya, ila bei yake haifiki hata ya soda. Pembeni vilisimama vikopo viwili vya chuma vyenye lebo ya Marinair, kampuni iliyotengeneza transfoma za Neve za zamani, ambazo sauti hupitia ikiingia na kutoka kwenye 1073 halisi, vikiwa vimegandishwa kwa gundi na havina waya hata mmoja unaoingia wala kutoka. Uzito ulionituliza ulikuwa kipande cha nondo bapa kilichobandikwa sakafuni kwa silikoni.

Jambo lililonitia hofu zaidi ni umeme. Kebo ina plagi ya pini tatu kama zetu zote, lakini waya wa eathi ulikuwa umekatwa ndani na kukunjwa, haukufika kwenye boksi la bati la kifaa. Nilipima kati ya bati hilo na eathi ya ukutani nikapata volti zaidi ya 100. Mwimbaji husogeza midomo hadi ikagusa wavu wa maiki, na wavu huo umeungana na bati la priampu kupitia pini ya 1. Yeyote aliyekwisha kununua kifaa hiki asikichomeke tena kabla fundi wa umeme hajakikagua, hata kama kwa sasa "kinafanya kazi vizuri".

Kwa anayetaka kukagua kabla ya kulipa, kipimo kimoja kinatosha kumaliza ubishi, nacho hakihitaji kufungua kitu. Kifaa kikiwa kimezimwa na hakijachomekwa popote, weka multimita kwenye omu na upime kati ya pini ya 2 na ya 3 ya tundu la kuingizia. Transfoma ni waya uliosokotwa tu, kwa hiyo utasoma omu chache au makumi kadhaa. Mimi nilisoma karibu 13,600, ambayo si kingine ila rezista mbili za fantomu za omu 6,800 zikiwa mfululizo. Maana yake, hakuna transfoma yoyote hapo. Rudia hivyo hivyo kwenye tundu la kutolea. Muuzaji mwaminifu atakupimia mbele ya kamera bila kinyongo.

Maelezo ya tangazo nayo yanajisuta. Moduli za 1073, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1970, zilichomekwa ndani ya mikseri na kutumia umeme wa DC wa volti 24, hivyo moduli ya zamani haiwezi kuwa na tundu la umeme wa ukutani isipokuwa mtu ameiweka kwenye raki yenye pawasaplai yake, na ukifungua lazima uione moduli nzima ikiwa pekee. Tangazo linadai pia kuwa kelele ya kifaa ni -140 dBu, kipimo ambacho namba ikizidi kwenda chini ya sifuri, kelele ni ndogo zaidi. Rezista ya omu 150, ambayo ndiyo hutumika kupimia, ina kelele yake yenyewe ya takriban -131 dBu kwenye joto la kawaida la chumba, na hakuna priampu duniani inayoweza kuwa kimya kuliko kitu kilichochomekwa ndani yake. Sipingi vifaa vya kuiga, maana wapo watu wanaotengeneza nakala za 1073 zenye transfoma nzuri na kuziuza kwa jina lao wenyewe. Hao ni wafanyabiashara halali.

Waliokwisha kutapeliwa wasifute mazungumzo wala ujumbe wa malipo. Nilipokwenda kituo cha polisi kuchukua RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yangu, vitu vilivyosaidia ni picha za mazungumzo, namba ya muamala na stakabadhi ya mzigo wa basi. Namba ya simu iliyotumika kwa utapeli hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040 ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na suala la bidhaa bandia lipo chini ya Tume ya Ushindani, FCC. Kwa kuwa muuzaji hutumia laini za mitandao tofauti, kila mmoja atoe taarifa yake hata kama anadhani mwingine amekwisha kuitoa.

Jana jioni picha zilezile zimerudi kwenye ukurasa wenye jina jipya. Kitufe chekundu kina mkwaruzo uleule mfupi upande wa kushoto, juu ya alama ya 30, na bei imeshushwa hadi shilingi 2,600,000 "kwa atakayewahi".